Namba 4.669: Mitchell Feigenbaum na sheria iliyo ndani ya machafuko

Kila mwaka, kabla ya mvua za vuli kuanza, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa iliyo Dagoretti Corner hapa Nairobi hutoa utabiri wa msimu, na kila mwaka malalamiko huwa yale yale: kwamba wataalamu hawasemi lolote la uhakika, wanataja tu uwezekano wa mvua kuzidi au kupungua, kana kwamba wanajikinga wasije wakalaumiwa. Lawama hiyo si ya haki. Hewa inafuata sheria za fizikia ambazo kwa sehemu kubwa zilijulikana tangu karne ya 19, wala hakuna bahati nasibu ndani yake. Ila sheria hizo ni za namna ambayo kosa dogo kabisa katika vipimo vya leo hukua, likaendelea kukua, hadi likaimeza picha nzima ya hali ya hewa baada ya wiki mbili hivi. Hali ya jinsi hiyo, ambapo sheria ni kamili lakini matokeo ya mbali hayatabiriki, ndiyo wanafizikia wanayoiita machafuko.

Maelezo mengi yanayoandikwa kwa ajili ya umma huishia hapo, kwenye kushindwa kutabiri, na msomaji huondoka akidhani kwamba nadharia ya machafuko ni namna ya kitaalamu ya kusema hatujui. Kuna nusu nyingine ya habari hii ambayo haisimuliwi sana, nayo kwa maoni yangu ndiyo ya kustaajabisha zaidi: machafuko yenyewe yana sheria zake, na sheria hizo zinaweza kupimwa hadi desimali kadhaa. Nusu hiyo tunaidai kwa kiasi kikubwa kwa Mitchell Feigenbaum, mwanafizikia wa Marekani aliyefikisha umri wa miaka 30 akiwa hajachapisha karibu lolote la kutajwa.

Ili alichokigundua kieleweke, ni lazima kwanza tuitazame mifumo isiyo ya mstari. Mfumo wa mstari ni ule ambao matokeo huenda sambamba na chanzo: ukizidisha chanzo mara mbili, matokeo nayo huzidi mara mbili, na grafu yake hunyooka. Sehemu kubwa ya fizikia inayofundishwa shuleni ni ya aina hii, kwa sababu hesabu zake zinakamilika kwa kalamu na karatasi. Barabara ya Thika asubuhi haiko hivyo. Saa kumi na moja alfajiri, magari mia moja zaidi hayabadilishi mwendo wa mtu yeyote. Saa moja na nusu, magari hayo hayo mia moja yanatosha kuusimamisha msafara mzima kuanzia Roysambu hadi Muthaiga. Matokeo ya kuongeza kitu yanategemea kiasi kilichokuwepo tayari, na mahali ambapo matokeo yanarudi kukibadilisha chanzo chake, ndipo mambo yasiyotarajiwa huanza.

Mfano mwepesi kuliko yote wa mfumo wa namna hii unaingia katika mstari mmoja wa hesabu. Chukua wadudu wanaozaliana mara moja kwa mwaka, kizazi cha zamani kikifa kabla ya kipya kuanguliwa. Idadi yao tuiandike kama x, yaani sehemu ya idadi kubwa kabisa ambayo mazingira yanaweza kubeba, ili x iwe daima kati ya 0 na 1. Wakiwa wachache, huongezeka kwa kasi. Wakiwa wengi, chakula huwapungukia. Mambo hayo mawili yanaelezwa kwa pamoja na kanuni hii: x ya mwaka ujao ni sawa na r × x × (1 − x), ambapo r ni kigezo kinachoonyesha nguvu ya kuzaana. Mwaka wa 1976 Robert May, mtaalamu wa ikolojia kutoka Australia ambaye kwa masomo yake ya awali alikuwa mwanafizikia, alichapisha makala katika jarida la Nature akieleza jinsi kanuni hii nyepesi ilivyo na mienendo tata ajabu, na akasihi ifundishwe kwa wanafunzi mapema ili wasidhani kwamba kanuni nyepesi daima huzaa tabia nyepesi.

Kikokotoo cha simu kinatosha kuithibitisha habari hiyo. Weka r kuwa 2.8, anza na x ya 0.3, kisha rudia hesabu ukiweka jibu la kila hatua mahali pa x. Utapata 0.588, halafu 0.678, na baada ya hatua kadhaa za kupanda na kushuka namba zitatulia karibu na 0.643 na kubaki hapo. Ukianza na 0.1 au 0.9, utafika mahali pale pale. Sasa pandisha r hadi 3.2. Namba hazitulii tena kwenye thamani moja. Zinabadilishana kati ya 0.513 na 0.799, mwaka wa neema ukifuatwa na mwaka wa upungufu, bila kikomo. Ukiweka 3.5, mzunguko unakuwa wa hatua nne: 0.875, 0.383, 0.827, 0.501, kisha unaanza upya. Mbele kidogo ni hatua nane, halafu kumi na sita, halafu thelathini na mbili. Mizunguko inaongezeka maradufu kwa haraka inayozidi, hadi r inapofika takriban 3.56995, ambapo maradufu zote zisizo na mwisho zimekwisha kupita. Ng'ambo ya hapo ndipo ilipo nchi ya machafuko: namba zinaruka bila mpangilio unaoonekana, ingawa kila moja imezaliwa na ile iliyotangulia kwa kanuni isiyo na shaka hata chembe.

Ukifika r ya 4, jaribu kuanzisha hesabu mbili kwa pamoja, moja kwa 0.3 na nyingine kwa 0.300001. Tofauti kati yao huongezeka maradufu kwa kila hatua, kwa wastani, na baada ya hatua ishirini hivi hesabu hizo mbili hazina uhusiano wowote. Jambo hilo ndilo lililomkuta Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, mwaka wa 1961. Akitaka kurudia sehemu ya hesabu za mfano wake wa hewa, aliingiza 0.506 badala ya 0.506127 iliyokuwa ndani ya kompyuta, akarudi baadaye na kukuta mfano umetoa hali ya hewa tofauti kabisa. Makala yake ya mwaka wa 1963 ilizaa tawi zima la sayansi, ingawa kwa karibu miaka kumi ilisomwa na wataalamu wa hali ya hewa pekee, wanahisabati na wanafizikia wakiipita bila kujua ilikuwepo.

Feigenbaum alizaliwa Philadelphia tarehe 19 Desemba 1944 na kukulia Brooklyn, New York. Alisomea uhandisi wa umeme katika chuo cha City College of New York, akaingia Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts kwa nia ya kuendelea na uhandisi, kisha akahamia fizikia na kupata shahada ya uzamivu mwaka wa 1970 kwa utafiti wa chembe ndogo kabisa za maada, chini ya usimamizi wa Francis Low. Miaka miwili katika Chuo Kikuu cha Cornell, miaka miwili Virginia, na mikononi hakuwa na machapisho ya kumpatia kazi ya kudumu popote. Peter Carruthers, aliyekuwa akiongoza idara ya nadharia katika maabara ya Los Alamos huko New Mexico, alimchukua mwaka wa 1974 akiamini kwamba alikuwa na akili isiyo ya kawaida. Katika mifumo ya leo ya kuajiri watafiti, ambapo machapisho huhesabiwa kwanza na mtu hutazamwa baadaye, sidhani kwamba angepita hata mchujo wa awali.

Los Alamos alielekezwa kwenye tatizo la mtibuko, yaani jinsi maji au hewa inayotiririka kwa utulivu inavyogeuka kuwa vurugu ya mikondo na mizunguko. Tatizo hilo lilikuwa limewashinda wakubwa waliomtangulia, na bado halijatatuliwa. Hakulishambulia moja kwa moja. Alishughulika na kanuni nyepesi zinazorudiwarudiwa, mahali ambapo angalau swali lingeweza kuulizwa kwa usahihi. Maabara hiyo hiyo ilikuwa tayari na msingi wa kazi hiyo: mwaka wa 1973 Nicholas Metropolis, Myron Stein na Paul Stein walikuwa wameonyesha kwamba mizunguko hujitokeza kwa mpangilio ule ule katika kanuni nyingi tofauti, mradi tu grafu ya kanuni iwe na nundu moja. Kilichokosekana ni kipimo. Walijua nini kinafuata nini, hawakujua kwa umbali gani.

Katika kiangazi cha 1975 Feigenbaum alimsikiliza mwanahisabati Stephen Smale akizungumza huko Aspen, Colorado, kuhusu maradufu hizo za mizunguko, akaamua kuzihesabu mwenyewe. Chombo chake kilikuwa kikokotoo cha HP-65, kilichoingia sokoni mwaka wa 1974 kwa bei ya dola 795, na ambacho kingeweza kupewa programu yenye hatua mia moja tu. Kilikuwa chepesi kubeba lakini kizito kuhesabu. Kila alipotaka kutafuta thamani ya r ambapo mzunguko unaofuata unajitokeza, ilimbidi asubiri kwa muda mrefu, na kadiri mizunguko ilivyorefuka ndivyo kusubiri kulivyozidi. Ili kuokoa muda, alianza kukisia thamani inayofuata ingekuwa wapi kabla ya kukiachia kikokotoo kazi, na ili akisie vizuri ilimlazimu aangalie jinsi thamani zilizotangulia zilivyokuwa zikikaribiana.

Hapo ndipo alipoiona. Msomaji anaweza kuiona pia kwa kutumia thamani za r ambapo kanuni ya wadudu inagawanyika: mzunguko wa hatua mbili huanza kwenye 3, wa hatua nne kwenye 3.44949, wa nane kwenye 3.54409, wa kumi na sita kwenye 3.56441, na wa thelathini na mbili kwenye 3.56876. Pengo la kwanza ni 0.44949, la pili 0.09460, la tatu 0.02032, la nne 0.00435. Gawanya kila pengo kwa lile linalolifuata, na majibu yatakuwa takriban 4.75, kisha 4.66, kisha 4.67. Mapengo yanapungua kwa uwiano mmoja, na uwiano huo, mtu akiendelea mbele vya kutosha, unatulia kwenye 4.669201609 na desimali nyingine zisizo na mwisho. (Feigenbaum mwenyewe hakutumia pointi za mgawanyiko, kwa kuwa pale hesabu hutulia polepole mno, alitumia thamani za r ambapo kilele cha nundu chenyewe kinakuwa sehemu ya mzunguko. Uwiano unaopatikana ni ule ule.)

Mtu aliyekuwa na kompyuta kubwa angeweka amri, akaenda zake kunywa kahawa, na kurudi kukuta orodha ndefu ya namba zisizomvutia macho. Kompyuta kubwa Los Alamos hazikukosekana. Zilikuwa miongoni mwa bora duniani. Sitaki kuigeuza habari hii kuwa sifa ya umaskini wa vifaa, kwa kuwa vyuo vyetu vimekwisha kuambiwa vya kutosha kwamba uhaba huzaa ubunifu, na mara nyingi huzaa uhaba tu. Ila katika tukio hili mahususi uzito wa chombo katika kuhesabu ulikuwa sehemu ya ugunduzi, maana ulimlazimisha mtu kukaa katikati ya namba na kuzijua moja moja.

Namba hiyo kwa kanuni moja ingekuwa jambo la kupendeza, lakini dogo. Mshangao ulikuja miezi michache baadaye, alipojaribu kanuni nyingine iliyotokana na saini (sine) ya trigonometria, ambayo kwa sura ya aljebra haifanani hata kidogo na ile ya kwanza. Maradufu zilijitokeza pale pia, katika thamani nyingine kabisa za kigezo, na uwiano wa mapengo ulikuwa 4.669. Haikupasa kuwa hivyo. Uwiano unaotokana na kanuni fulani hutarajiwa kubeba alama za kanuni hiyo, na hapa kanuni mbili zisizo na undugu zilikuwa zimetoa namba moja. Inasimuliwa kwamba jioni hiyo aliwapigia simu wazazi wake na kuwaambia kwamba alikuwa amegundua kitu ambacho, akikielewa, kingemfanya kuwa mtu mashuhuri.

Kukielewa kulimchukua miezi mingi ya kazi ngumu. Wazo alilolitumia lilitoka katika fizikia ya mabadiliko ya maada, ambako Leo Kadanoff na Kenneth Wilson walikuwa wameeleza kwa nini chuma kinachopoteza usumaku na kimiminika kinachokaribia kugeuka mvuke, vitu viwili visivyohusiana, hutoa namba zile zile kwenye ukingo wa badiliko. Wilson, aliyekuwa Cornell wakati Feigenbaum akiwa huko, alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka wa 1982. Jibu lao, kwa ufupi, lilikuwa kwamba karibu na ukingo huo mfumo hufanana na nafsi yake katika kila kipimo cha ukubwa, na mtu akiukuza tena na tena, mambo madogo madogo yanayokitofautisha kitu kimoja na kingine yanafutika.

Feigenbaum alikuza grafu. Chukua nundu ya kanuni ya wadudu, kisha itumie kanuni hiyo mara mbili mfululizo badala ya mara moja. Grafu mpya itakuwa na vilele viwili na bonde katikati. Litazame bonde hilo kwa karibu: ni nundu ile ile, imepinduliwa juu chini na kupunguzwa. Lipindue, likuze, na utapata umbo linalokaribia kabisa lile la mwanzo. Rudia mara mbili tena, kuza tena. Kila hatua kipimo cha kukuza kinakaribia 2.5029, ambayo ndiyo namba ya pili inayohusishwa na jina lake, na umbo linalobaki linakaribia grafu moja maalumu ambayo imesahau ilikotoka. Haikumbuki kama ilianza kuwa ya wadudu au ya saini. Kitu kimoja tu inachokumbuka ni kwamba kilele cha nundu ya mwanzo kilikuwa cha mviringo laini, kama kilele cha parabola. Ukianza na nundu iliyo bapa zaidi kileleni, ambayo kimo chake hupungua kwa nguvu ya nne ya umbali badala ya nguvu ya pili, utapata namba nyingine, takriban 7.28, nayo pia ni ile ile kwa nundu zote za jamii hiyo. Kwa kuwa vilele vingi katika maumbile ni vya mviringo wa kawaida, namba inayotawala ni 4.669.

Maelezo haya yanaonekana wazi leo, lakini wahariri wa wakati ule hawakuyaona hivyo. Jarida la kwanza liliikataa makala yake, la pili likaikataa pia, na matokeo yakasambaa kwa mihadhara na kwa nakala zilizopitishwa mkono kwa mkono, hadi Journal of Statistical Physics lilipoichapisha mwaka wa 1978. Mwaka huo huo Pierre Coullet na Charles Tresser, wakifanya kazi Nice, Ufaransa, walichapisha matokeo yanayofanana waliyoyapata bila kutegemea kazi yake. Wanahisabati nao walikuwa na malalamiko yenye msingi: hoja zake zilikuwa za kushawishi, hazikuwa uthibitisho. Uthibitisho kamili ulitolewa na Oscar Lanford mwaka wa 1982, naye aliufanya kwa msaada wa kompyuta, jambo ambalo wakati huo bado lilizua ubishi miongoni mwa wenzake.

Hadi hapo, hata hivyo, yote yalikuwa hesabu. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba kimiminika halisi, chenye molekuli zisizohesabika, kingeshughulika na kanuni ya mstari mmoja. Albert Libchaber, akiwa na Jens Maurer mjini Paris, ndiye aliyeleta ushahidi. Alijenga kisanduku kidogo kabisa, cha vipimo vya milimita, akakijaza heliamu ya kimiminika katika baridi ya digrii chache tu juu ya sifuri halisi, yaani kikomo cha chini kabisa cha baridi, na kuipasha joto kidogo kutoka chini. Kwa joto dogo, heliamu iliyoko chini hupanda na ya juu hushuka kwa mzunguko mtulivu. Joto likiongezwa, mkondo huanza kutikisika kwa mdundo maalumu. Likiongezwa tena, unajitokeza mdundo wa nusu ya kasi hiyo, kisha wa robo, kisha wa moja kwa nane. Ni maradufu zile zile za mizunguko, na Libchaber alikuwa amekwisha kuziona kabla ya kujua kwa undani nadharia iliyokuwa ikizisubiri. Mwaka wa 1982 yeye na wenzake walirudia jaribio kwa zebaki iliyowekwa ndani ya uga wa sumaku, wakapima uwiano wa mapengo na kupata 4.4, karibu sana na matarajio kwa jaribio la aina hiyo. Feigenbaum na Libchaber waligawana Tuzo ya Wolf ya fizikia mwaka wa 1986.

Ushahidi ulizidi kutoka pande zisizotarajiwa. Paul Linsay alizipata maradufu mwaka wa 1981 katika saketi ya umeme yenye vipuri vichache tu. Mwaka huo huo Michael Guevara, Leon Glass na Alvin Shrier, huko Montreal, walizionyesha katika seli za moyo wa kifaranga zilizochochewa kwa mapigo ya umeme: chini ya hali fulani, seli zilizokuwa zikidunda sawasawa zilianza kubadilishana pigo la namna moja na pigo la namna nyingine, na baadaye mapigo yakavurugika. Madaktari wa moyo walikuwa wameyaona mapigo ya kubadilishana kama hayo kwa miongo mingi, na sasa walipata lugha ya hesabu ya kuyazungumzia.

Hapa ndipo inapofaa kusema kile ambacho namba hii haikifanyi, kwa sababu katika miaka ya 1980 na 1990 nadharia ya machafuko ilitangazwa kama ufunguo wa kila kitu, kuanzia soko la hisa hadi historia ya mataifa, na baadhi ya matangazo hayo bado yanazunguka. Tatizo la mtibuko alilopewa Feigenbaum hakulitatua. Kisanduku cha Libchaber kilikuwa kidogo kwa makusudi, ili mkondo usiwe na nafasi ya kujigawa katika mikondo mingi. Mto Athi ukiwa umefurika hauna kizuizi kama hicho, na kanuni yenye kigezo kimoja haiufikii. Maradufu za mizunguko nazo ni njia moja tu ya kufikia machafuko. David Ruelle na Floris Takens walikuwa wameeleza njia nyingine mwaka wa 1971, na Yves Pomeau na Paul Manneville wakaeleza ya tatu mwaka wa 1980, ambapo utulivu hukatizwa na vipindi vya ghafla vya vurugu vinavyozidi kukaribiana. Anayetaka kujua kama mfumo fulani unapita njia ya Feigenbaum hana budi kuupima. Kutajataja machafuko hakutoshi.

Utabiri wa mvua unaingia hapa kwa namna iliyo tofauti kidogo. Hewa haifiki kwenye machafuko kwa njia ya maradufu. Imo ndani yake tayari. Ila fikra ni moja, kwamba kutotabirika kwenyewe kuna umbo linaloweza kuhesabiwa. Watabiri wa leo huendesha mfano mmoja wa kompyuta mara nyingi, kila mara wakibadilisha kidogo hali ya kuanzia, kisha wanahesabu ni sehemu gani ya matokeo inaelekea upande upi. Asilimia zinazowaudhi wasikilizaji wa Nairobi zinatokana na kazi ya namna hiyo. Hali ya siku mahususi baada ya mwezi mmoja haiwezi kujulikana, lakini joto la bahari, lile la Pasifiki na lile la Bahari ya Hindi, hubadilika polepole na hulisukuma eneo lote kuelekea mvua nyingi au chache. Msukumo huo una nguvu zaidi katika vuli ya Oktoba hadi Desemba kuliko katika masika ya Machi hadi Mei, na ndiyo maana utabiri wa vuli huaminika zaidi. Mkulima wa Kajiado akiulizia masika na kupewa asilimia zinazokaribiana, anapewa jibu la kweli kuhusu hewa yenyewe.

Feigenbaum alikwenda Cornell kama profesa mwaka wa 1982, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, ambako alibaki hadi alipofariki tarehe 30 Juni 2019. Hakuzalisha namba nyingine ya ukubwa wa ile ya kwanza, na wapo wanaolisema hilo kama upungufu. Mimi naona alifuata udadisi wake mahali ulipompeleka. Alisaidia kutengeneza atlasi ya kampuni ya Hammond iliyotoka mwaka wa 1992, akibuni makadirio ya ramani yaliyohesabiwa kwa kila bara peke yake ili kupunguza upotovu, pamoja na programu ya kupanga majina ya miji kwenye ramani bila kugongana, kazi ambayo wachoraji walikuwa wakiifanya kwa mkono na kwa uchungu. Alishiriki pia kuanzisha kampuni ya programu za kukadiria thamani ya hati za fedha, na miaka yake ya mwisho aliitumia katika fizikia ya kuona: jinsi jicho linavyoamua picha iliyo ndani ya maji au ndani ya kioo kilichopinda iko mahali gani.

Kwa anayetaka kuiona namba hiyo nje ya kikokotoo, jaribio la Linsay ndilo lililo karibu na uwezo wetu. Mwanafunzi wa fizikia wa Chiromo, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, anahitaji jenereta ya mawimbi na osiloskopu, ambazo ni vifaa vya kawaida vya maabara, kisha rezista, koili ya milihenri kadhaa na dayodi ya kawaida ya kunyoosha umeme, vitu vinavyouzwa kwa bei ndogo katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue. Vipuri hivyo vitatu huungwa mfululizo, mawimbi ya makumi ya kilohezi yakaingizwa, na volteji ikapandishwa polepole huku mdundo wa dayodi ukitazamwa kwenye kioo. Kwanza kila wimbi huzaa kilele cha kimo kimoja. Ghafla vilele vinakuwa vya vimo viwili vinavyopokezana, kisha vinne. Volteji ya kila mgawanyiko iandikwe, na mapengo yagawanywe. Uwiano wa kwanza haupaswi kutarajiwa kuwa 4.669 kamili, kwa sababu namba hiyo ni ya mwisho wa safari na mapengo ya mwanzo bado yanabeba tabia za saketi yenyewe. Kusonga mbele zaidi kuna ugumu wake: kwa kuwa kila pengo ni karibu moja kwa tano ya lile lililotangulia, pengo la nne ni takriban sehemu ya mia moja tu ya la kwanza, na hapo mtetemo mdogo wa umeme wa ukutani unatosha kulifunika.